Mtandao Unashika Kaburini kwa Baba Mkwe

Mwenzenu nilipohamia shamba ukweni, Handeni ndani ndani, nilikuja na mbwembwe. Nguzo za umeme zimeishia mbali huko, lakini mimi nina sola ya wati 100, betri ya volti 12 na inverta. Masika yakanijibu. Mawingu siku tatu mfululizo, inverta ikaanza kulia tiii, tiii, kama kifaranga kilichoachwa na mama yake. Taa au simu? Mke wangu akachagua taa. Na mnara wenyewe, ulio kilomita 14 kutoka hapa, kumbe nao unakula jua. Wingu likitanda tunazimika wote wawili.

Haya, jua likatoka, nikachaji. Mtandao sasa! Nimezunguka shamba zima simu iko juu kama mtu anayefuata nyuki. Mwembeni inaandika E, ule mtandao wa mwendo wa kobe. Kichuguuni E, halafu haiandiki kitu. 4G inashika sehemu moja tu: kwenye kilima palipo kaburi la marehemu baba mkwe. Nasikia mzee alipachagua mwenyewe, akisema anataka kuiona barabara yote. Kweli, pale hakuna kitu kinachomkinga na mnara.

Basi kila jioni niko kwa mzee. Nainamisha kichwa, nasoma ujumbe. Navuta pumzi, picha inazunguka haifunguki. Naguna "ee Mungu wangu", bando limekwisha. Mama mkwe yuko barazani ananitazama, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Amewaambia majirani kwamba aliowazaa hawakanyagi pale, ila mkwe hakosi hata siku moja.

Bando la usiku nalo lilinitia kishawishi, si unajua lilivyo rahisi. Saa saba za usiku nikapanda kilimani na shuka langu jeupe kwa ajili ya mbu, mwanga wa simu umenimulika usoni. Akapita bwana mmoja anatoka kilabuni. Kulipokucha kijiji kizima kinajua marehemu ametoka na uso wake ni wa bluu. Toka siku hiyo nanunua la mchana.

Shemeji yangu wa Dar alinisimulia ile Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari: video haziendi, yeye karibu alie. Nikampa pole. Mimi nilidhani ni Jumapili tu kama Jumapili nyingine.

Sasa juzi mama mkwe kaniita, nikampa shikamoo yake, akaanza: "Mwanangu, jua linakuchoma na mvua inakunyeshea kwa ajili ya mume wangu. Nimeongea na wanangu. Tunajenga kibanda."

Cha bati. Juu bati, pande tatu bati, upande mmoja wazi kutazama baraza, ili awe ananiona. Mnara uko nyuma. Ningesemaje, mama, naomba msiweke bati kwa sababu gani? Nikachangia bati mbili.

Jana fundi amemaliza. Mama mkwe akanishika mkono akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye kigoda kipya.

"Sasa utakaa na baba yako kwa raha."

Nikasema ahsante mama. Nikachungulia simu mfukoni. Hata E haipo.