Ile Simu Chini ya Taulo

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni, Majengo hapa Moshi, nasukwa rasta. Tulikuwa wanawake saba: mmoja chini ya draya, wawili wanasubiri zamu, mtoto wa mtu amelala kwenye kanga pembeni. Dada wa kuosha nywele alikuwa anatusomea simulizi ya mapenzi kutoka kwenye simu, sehemu ya 41, pale mke amesharudi kwa mama yake na begi moja, mume kamfuata, amesimama getini mvua inamnyeshea na hana hata neno la kuanzia. Saluni nzima kimya. Msusi wangu alikuwa ameshika fungu la nywele mkononi, kasahau kusuka.

Akaingia mzee mmoja kumchukua mkewe. Mzee wa heshima zake, koti zuri, viatu vimepigwa rangi. Akasimama mlangoni akasikiliza kidogo, kisha akasema: "Kumbe haya ndiyo mnayofundishana huku. Halafu ndoa zikivunjika mnatuita sisi wazee tukae vikao."

Yule dada akaisukuma simu chini ya taulo. Tukamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia. Mkewe akainuka, nywele hazijakauka vizuri, wakaondoka. Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, msomaji wa hadithi za mapenzi tangu kidato cha pili, nikakaa kimya kama niliyekamatwa na kitu cha wizi. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi wiki hii. Maneno ya mzee nimeshayasikia mara nyingi. Ni ile kasi ya mkono wa yule dada kwenda kwenye taulo.

Kwa sababu mkono ule naujua. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, huku huku mlimani, jina silitaji. Vitabu vya Mills & Boon, zile riwaya za mapenzi za Kiingereza, vilizunguka bwenini vimevalishwa gazeti, vingine havina hata kurasa za mwanzo, na Kiingereza changu nusu nilikitoa humo. Lakini kilichotuchanganya akili kilikuwa cha Kiswahili. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anaandika hadithi kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, mwandiko mdogo wa kubana nafasi. Msichana anauza ndizi soko la Mwika. Kijana ni utingo wa lori linaloshusha kahawa mjini. Tulipangiana zamu, kila mtu usiku mmoja, tochi ndani ya shuka, na asubuhi unalirudisha kwa mwandishi akiwa anapiga mswaki ili aendelee.

Matroni alilikamata. Alilichoma jikoni, kwenye jiko la kuni linalopikiwa makande, na mwandishi akaambiwa asimame pale atazame mpaka liishe. Alikuwa amebakiza sura ya mwisho kutusomesha. Hakuandika tena.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Kano, kaskazini mwa Nijeria. Kule wanawake wa Kihausa waliandika riwaya za mapenzi kwa lugha yao, wakazichapisha wenyewe, zikauzwa sokoni pamoja na bidhaa nyingine. Mmoja wao, Balaraba Ramat Yakubu, aliozwa akiwa bado mtoto, akajifunza kusoma na kuandika kwenye madarasa ya watu wazima, kisha akaandika juu ya ndoa za kulazimishwa na mateso ya ukewenza. Mwaka 2007 gavana wa jimbo lile, Ibrahim Shekarau, alisimamia uchomaji wa vitabu hivyo hadharani, kwenye shule ya wasichana. Niliposoma hilo, moshi wa jiko letu ulinirudia puani.

Sasa nataka kumjibu yule mzee, kwa sababu pale saluni sikumjibu.

Baba, ulituingilia mume akiwa bado getini. Kama ungesubiri dakika tano ungesikia alichosema. Alisema, "Nimekosa. Sikuja kukurudisha, nimekuja kukuambia nimekosa." Tulimalizia wewe ulipoondoka, simu ikatolewa chini ya taulo, na yule mama wa draya alitokwa na machozi. Ana ndoa ya miaka zaidi ya ishirini. Hakulia kwa sababu simulizi ilimfundisha uhuni.

Niambieni, ni wangapi kati yetu tuliwahi kumwona baba akimwomba mama msamaha? Namaanisha mchana, sebuleni, watoto wakisikia. Mimi baba yangu nilimpenda na alikuwa mtu mwema, na sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akikosa, alileta nyama. Kilo moja ya nyama imefungwa kwenye gazeti, inawekwa mezani, mama anaipokea, yameisha. Nimekua nikidhani hivyo ndivyo msamaha ulivyo. Mahali pa kwanza nilipokutana na mwanaume anayetamka kosa lake kwa mdomo, akalitaja kwa jina, akasubiri kujibiwa bila kujua atajibiwa nini, ni kwenye lile kaunta buku na kwenye vile vitabu vilivyovalishwa magazeti. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua kuanzia siku hiyo kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba nina haki ya kulingojea.

Na kuna hili la mwisho wa hadithi, ambalo watu waliosoma sana hulicheka. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa Houston mwaka 1980, mhariri Mweusi Vivian Stephens akiwa miongoni mwa waanzilishi, kiliweka masharti mawili: penzi liwe mgongo wa hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Sharti la pili ndilo linaloonekana la kitoto. Mimi naliona kama kiapo. Angalieni wasichana wa riwaya tulizokua nazo. Aliyependa alipata mimba akafukuzwa nyumbani. Aliyekwenda mjini alirudi mgonjwa. Rosa, katika Rosa Mistika ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, alijiua. Najua leo kwamba Kezilahabi alikuwa anaishtaki jamii kwa niaba yake, na kitabu kile nakiheshimu. Lakini nilipokuwa msichana nilichoambulia ni kimoja: msichana akitaka kitu, mwisho wake kaburi. Halafu unafungua simulizi ya mapenzi na mwandishi amekuapia kabla hujaanza: huyu atataka, atakosea, ataumia, na utamkuta hai ukurasa wa mwisho. Usiku niliotoka kumzika dada yangu, sikuweza kusoma kitu kingine chochote.

Wanaosema hakuna utamu kama mwisho unajulikana, nawakumbusha harusi. Kila mtu kanisani anajua bibi harusi atajibu ndiyo, na bado akijibu watu wanafuta machozi.

Kila mwaka nasikia mtu kwenye kipaza sauti akilalamika kwamba Watanzania hawasomi. Njooni muone kundi letu la WhatsApp saa tatu usiku. Tuko zaidi ya mia mbili, wa Pasua, wa Kiboriloni, wa Himo, wa Arusha kule Ngarenaro na Kwa Mrombo, mmoja yuko Oman anafanya kazi za ndani na yeye husoma akiwa amejifungia chooni. Watu wamepika, wameosha vyombo, wamelaza watoto, wamenunua bando kwa pesa ya vitumbua, wanangoja sehemu inayofuata. Kuna mtafiti Mmarekani, Janice Radway, aliyetoa kitabu mwaka 1984 baada ya kuzungumza na wanawake wasomaji wa hadithi hizi. Walimweleza kwamba hata kile kitendo chenyewe cha kushika kitabu kilikuwa na maana kwao: kwa muda huo mume na watoto wajue mama hayupo. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule wa Oman.

Na hatusomi kama mabubu. Mwaka jana mtunzi wetu alimfanya mhusika wake mkuu, yule kijana mzuri mwenye nyumba Njiro, ampige mchumba wake kofi katika sehemu ya 19. Kundi halikulala. Wengine walisema kofi moja si kitu, mbona anampenda. Wengine walisema mwache mtunzi amalize. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu wa Machame, ambaye huwa haongei, akatuma sauti: "Mwanangu, huyu usimwoze binti yetu. Mimi nilisamehe la kwanza." Hayo tu. Mtunzi alikaa kimya siku mbili. Aliporudi, binti alikuwa amerudisha pete, na hadithi ilichukua njia nyingine kabisa. Katika siku hizo mbili, wanawake sita waliandika mambo ya ndani ya nyumba zao ambayo naamini hayajawahi kufika kwenye kikao chochote cha wazee.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, msomaji ndiye anayeishika hii kazi. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya kila aina. Harlequin, kampuni nyingine ya vitabu, ilianza Kanada mwaka 1949. Aliyeziunganisha ni mwanamke msomaji: Mary Bonnycastle, mke wa mwenye Harlequin, alizipenda zile riwaya za madaktari na wauguzi za Mills & Boon, na mwaka 1957 kampuni ya mumewe ikaanza kuzichapisha. Mwaka 1971 ikainunua Mills & Boon yenyewe.

Huyu mtunzi wetu ana kibanda cha vipodozi. Anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na sehemu za mwanzo tunapewa bure, za mwisho tunamtumia buku mbili kwenye simu anatupa zote. Halafu mtu mmoja anayenunua anazivujisha kwenye makundi mengine, jina la mtunzi limefutwa, na pesa ya ada ya mtoto inayeyuka hivyo. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na inamlinda hata kama hadithi iko kwenye simu tu. Unayezivujisha, unamwibia mama wa watoto watatu. Acha.

Haya, yapo mabaya na sitayaficha. Zipo simulizi ambazo mwanaume anamlazimisha mwanamke kitandani na mwandishi anaita hilo penzi. Hizo sizitetei, na anayeziandika namwomba aikumbuke ile sauti ya mwalimu wa Machame. Yapo machombezo, hadithi za ngono za hovyo, yanayotupwa kwenye makundi yenye watoto wa shule. Nukta na herufi kubwa wengi hawazijui. Na sisemi kwamba wanawake wakikusanyika huwa malaika: kile kile chama cha Marekani kilikaa mpaka mwaka 2019 ndipo mwandishi Mweusi akapata tuzo yake kubwa, mwisho wa mwaka huo huo kikapasuka kwa ugomvi wa ubaguzi, na mwaka 2024 kikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mhariri Mweusi alikuwepo siku ya kwanza, na bado ilikuwa hivyo. Linaniuma.

Lakini mabaya hayo siyo yaliyomfanya mzee aseme alichosema. Hakujua hata tunasoma nini. Alisikia sauti ya mwanamke inasoma habari za mapenzi na wanawake wengine wanaisikiliza kwa makini, ikamtosha. Vijana wanakaa nje ya saluni hiyo hiyo wakijaza mikeka ya kubeti mpira kutwa nzima, pesa zile zile za bando, na alipita katikati yao bila kusema neno.

Jumatatu nilimtafuta yule mwenzangu wa kaunta buku. Namba yake niliipata kwa watu wa shule. Anafuga kuku upande wa Usa River, ana wajukuu wawili tayari. Tuliongea kuku kwanza, tukaongea magoti, ndipo nikamwambia habari ya taulo. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika.

Nikamwuliza kama anakumbuka hadithi yake.

"Nakumbuka yote," akasema.

Nikamwuliza iliishaje, kwa sababu sisi hatukuwahi kujua.

Akaniambia utingo anarudi Mwika siku ya soko, kwa miguu, kazi hana tena, lori limeuzwa. Msichana amebakiwa na chane moja la ndizi mbivu. Hamwuzii. Wanakaa juu ya gunia wanakula wote, watu wanafunga biashara zao, na kule juu Mawenzi inafunguka mawingu.

"Anamwomba msamaha?" nikauliza. "Aliondoka bila kuaga, nakumbuka."

"Anamwomba," akasema. "Ndiyo hiyo sura nzima."