Kabla Hujajaza Fomu ya Udaktari wa Meno, Njoo Ukae Pembeni

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipoi. Mwaka huu wa kwanza kupiga alikuwa mzee mmoja tunayesali naye. "Dokta, kijana kafaulu PCB, ila MD, udaktari wa binadamu, naona kama itambana. Tumekubaliana ajaze meno. Unaonaje?" Nikamuuliza kijana mwenyewe anaonaje. Kimya kidogo. "Ah, yeye hana neno."

Hata mimi sikuwa na neno. Nilijaza DDS, yaani shahada ya udaktari wa meno, nikiwa nimeingia kliniki ya meno mara moja tu maishani, nina miaka tisa, mjomba kanishika mabega nisikimbie. Mwanzo wa chuo ulipita kwa anatomia na baiokemia, mambo ya daftari, nikajiona niko vizuri. Kisha tukapelekwa kliniki. Mgonjwa wa kwanza niliyesimama karibu yake alikuwa kijana wa bodaboda, taya limevimba, wiki mbili anaishi kwa panado. Jino lilipolegea, usaha ulitangulia, damu ikafuata, lakini kilichonimaliza ni harufu. Sikuwa nimekunywa chai. Magoti yakaanza kucheza, na nesi mmoja mtu mzima akanisogezea kigoda kwa mguu bila hata kunitazama. Inaelekea sikuwa wa kwanza. Nimekaa pale nawaza: mkopo wa Bodi umeshaanza kuhesabika, kijijini wameshaniita dokta, na leo ndiyo naiona kazi yenyewe.

Nilikuja kuipenda, tena sana, lakini ilikuwa bahati tu. Wapo wenzangu ambao hawakuipenda, na mpaka leo wanaifanya.

Kwa hiyo wazazi wote wanaonipigia nawajibu hivi: mlete kijana akae kliniki wiki mbili kabla hajajaza chochote. Si lazima kwangu, popote penye kiti cha meno na daktari mwenye subira. Akae kwenye kona, aangalie, asaidie vile vinavyosaidika. Nasisitiza kuangalia, si kukusanya barua ya utambulisho yenye muhuri.

Nasema hivyo kwa sababu hapa kwetu hakuna atakayemuuliza. Mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unataka alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ukizifikisha, mfumo haujali kama unazimia ukiona damu. Marekani mambo ni kinyume. Kule wengi humaliza kwanza shahada nyingine, wakafanya mtihani wao unaoitwa DAT, na wakiomba chuo wanaonyesha wamewafuata madaktari kazini kwa saa ngapi. Vyuo vingi hushauri zifike kama 100. Mpwa wangu aliyeko huko anaziandika zake kama mama wa kikoba anavyoandika hisa. Nilimuuliza katika saa zote hizo ameona nini. Akanitajia idadi.

Hapo ndipo ninapokataa kuiga. Tukilifanya sharti hapa, mwezi haujaisha mihuri inauzwa steshenari. Mtoto wa daktari atazipata saa zake akiwa anasubiri lifti ya baba kurudi nyumbani, na mtoto wa muuza mkaa ataambiwa na mlinzi arudi kesho. Libaki jambo la hiari, ila sisi wenye viti tuache kufunga milango.

Sasa ataona nini huko kwenye kona? Ataona kioo. Meno ya juu ya nyuma mara nyingi hatuyatazami moja kwa moja, tunayatazama kwenye kakioo kadogo kalikoingia mdomoni, na humo mkono ukienda mbele unauona unarudi nyuma. Vijana wanaokuja kwangu nawapa karatasi, penseli na kioo, waandike jina lao wakitazama kiooni tu. Mwenye herufi nzuri kuliko wote darasani anatoa mchoro wa nyoka. Wanacheka, kisha nawaambia sasa fikiria huyo nyoka yuko ndani ya mdomo, ulimi unasukuma, mate yanajaa, na mwenye mdomo anataka kumeza. Saa tisa alasiri wanaiona na shingo yangu ilivyo.

Ataona pia kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni maneno. Mama lishe anakuja na jino linalotibika. "Dokta, ng'oa tu nirudi kwenye sufuria zangu." Kutibu mzizi ni kurudi zaidi ya mara moja, na ni pesa nyingi kuliko kung'oa. Siku nyingine namshawishi. Siku nyingine nang'oa jino ambalo lingekaa miaka 20 mingine, na njiani kurudi nyumbani nalifikiria. Hilo hakuna anayekuambia ukiwa kidato cha sita, kwamba utajua dawa na mgonjwa ataichagua koleo kwa sababu zake, na sababu zake zitakuwa za maana.

Niko Arusha, kwa hiyo ataona meno ya kahawia mpaka ayazoee. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga, yanatoka na madoa. Binti wa miaka 17 anacheka kaziba mdomo na kiganja, anauliza asugue kwa kitu gani, mkaa au chumvi. Utamwambiaje kwamba rangi imo ndani ya jino lenyewe na kusugua kutamwongezea maumivu tu?

Lakini funzo kubwa alilipata msichana mmoja aliyekaa kwangu miaka michache iliyopita. Aliingia mama na mtoto wa miezi saba, fizi zina vidonda. Mtoto aliharisha, bibi akasema ni meno ya plastiki, fundi akayachimbua. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya machonge ya utotoni, hayajakomaa ndiyo maana meupe na laini, na hayana uhusiano wowote na kuharisha. Yule binti alivimba kwa hasira, namwona anataka kumfokea mama wa watu. Nesi akamtangulia. Akavuta kiti, akakaa chini ya usawa wa macho ya yule mama. "Pole mama. Alianza kuharisha lini?" Ndani ya dakika kumi mama alikuwa ameeleza yote, mpaka jina la fundi, na ameahidi mtoto mwingine hatampeleka. Binti aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo aliamua. Mimi nilidhani ndiyo siku atakayoondoka.

Wengine huondoka kweli. Kijana mmoja alikaa siku nne, ya tano akaja asubuhi mapema kuniambia, "Shikamoo dokta. Hapana, siwezi kukaa nimetazama tundu moja dogo siku nzima." Akaenda uhandisi. Baba yake alininunia miezi. Mimi yule namhesabu kati ya niliowasaidia zaidi.

Kuhusu muda, wengi wanakosea. Baada ya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei kuna JKT kwa walioitwa, kuna matokeo, kuna maombi ya vyuo, kila kitu kimebanana. Nafasi kubwa iko nyuma: mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni miezi saba hivi, na watoto wanaimaliza kwenye kozi ya kompyuta na masomo ya kujiandaa na PCB ambayo hata hawajajua wanaitakia nini. Toa wiki mbili humo. Machi 20 ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunakwenda mashuleni kupima watoto. Tunahitaji wa kuandika majina, wa kushika tochi, wa kupanga foleni ya darasa la kwanza, na hiyo ya mwisho ni kazi ngumu kuliko kung'oa gego.

Neno kujitolea najua linawachoma watu. Mhitimu mwenye leseni anayefanya kazi hospitali miaka bila mshahara, akingojea ajira, huyo simsemei hapa, na siupendi mpango huo. Namsema mwanafunzi anayekuja kutazama. Huyo hashiki sindano wala haoshi vifaa vyenye ncha, kwa sababu homa ya ini haina utani na huenda hajachanjwa. Mgonjwa anaombwa ruhusa kabla ya mgeni kukaa, na akikataa, mgeni anatoka nje bila kununa. Simu inabaki kwenye begi. Niliwahi kumrudisha kijana nyumbani kwa kuweka picha ya taya la mtu kwenye status.

Yule binti wa meno ya plastiki sasa anasoma DDS. Kabla hajaondoka nilimpa kipande cha sabuni ya mche na kisu kidogo, nikamwambia anichongee gego la chini, mizizi miwili. Alivunja vipande vitatu. Cha nne ninacho dirishani, kimepasuka kwa jua, mzizi mmoja mnene kuliko mwenzake.

Basi ukitaka kuja, usije Jumatatu. Jumatatu tunapokea wote waliolala na maumivu tangu Ijumaa. Njoo Jumanne saa mbili kasorobo, viatu vya kufunika vidole, kucha fupi. Na unywe chai kwanza.