Malalamiko Mawili kwa Mwaka

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya maadili katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, na hapo tukaonyeshwa ukutani, kwa herufi kubwa za kijani, kwamba mwaka mzima chuo kilipokea malalamiko 2 tu ya rushwa ya ngono. Ukumbi ukapiga makofi. Nakiri kwa aibu kwamba nami nilipiga.

Kisha nikaiona fomu yenyewe ya malalamiko. Inataka jina kamili, namba ya usajili, jina la mhadhiri na, chini kabisa, jina na saini ya shahidi. Shahidi wa nini, jamani? Maneno yale husemwa mlango ukiwa umerudishwa, na fomu ikishajazwa hupelekwa kwa mkuu wa idara, ambaye ofisi yake ni ya pili kutoka kwa mlalamikiwa. Kinachohesabiwa kwa utaratibu huo ni wanafunzi wasioogopa, nao mwaka huo walikuwa 2.

Sheria tunayo hapa Tanzania: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaigusa rushwa ya ngono waziwazi. Hata hivyo, mwaka 2018 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) alipotaka kusema kwamba imekithiri chuoni hapo, alimwandikia Rais Magufuli kwenye Twita, siku Rais alipofika kuzindua maktaba. Ikiwa mhadhiri anapaza sauti hadi Ikulu, binti wa mwaka wa kwanza ataiamini fomu?

Wengine hutukimbiza kwenye fahirisi ya rushwa ya shirika la Transparency International. Naikubali kwa shingo upande, kwa kuwa inasaidia kulinganisha nchi na nchi, lakini inakusanya mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara kuhusu sekta ya umma, na hao hawasubiri alama za kozi ya mtu.

Alama ndizo zipimwe. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho hubeba alama 60 kati ya 100, huandikwa namba badala ya jina, na hupitiwa na mtahini wa nje. Zile 40 za kazi za muhula zimo mkononi mwa mtu mmoja. Mwanafunzi aliyekataa kutoa rushwa ya ngono huingia mtihani akiwa na 13, huambulia sapu (mtihani wa marudio), pengine hudisko, yaani huondolewa chuoni, na kumbukumbu zitasema kichwa kilikuwa kizito. Basi zichambuliwe alama za miaka mitano, mhadhiri kwa mhadhiri: ni wangapi waliofanya vizuri kwenye karatasi isiyo na jina, ilhali aliyewajua kwa sura aliwapa za chini mno, au kinyume chake? Tofauti peke yake haimtii mtu hatiani, maana wapo wanaozembea muhula mzima na kuamka wiki ya mtihani (nilikuwa mmoja wao), lakini ikijirudia kwa mhadhiri yuleyule, somo lilelile, mwaka baada ya mwaka, lipo la kuuliza. Takwimu zimo kwenye kompyuta za chuo, wala hazidai saini ya shahidi.

Nilipolisema hilo wakati wa maswali, mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba alama ni suala la kitaaluma na semina yetu ni ya maadili, kisha akatangaza chai.