Upya wa Kitabu cha Ndege Uko Wapi?

Anayeanza kutazama ndege huambiwa anunue kitabu cha utambuzi kilichotoka karibuni zaidi. Wakongwe wengi huguna wakisikia hivyo, maana mikobani mwao mna vitabu vilivyochakaa majalada na bado vinawafaa. Kila upande una hoja, ila wote huzungumza kana kwamba kitabu huzeeka chote kwa mara moja. Majina huchakaa upesi, ramani huchukua muda zaidi, na mchoro mzuri unaweza kudumu nusu karne bila kupungua thamani.

Kelele nyingi ziko kwenye majina. Kwa miaka mingi ulimwengu ulikuwa na orodha kuu kadhaa za ndege, zikiwamo ya IOC (ya wataalamu wa ndege wa kimataifa), ya Clements inayotumiwa na eBird, mtandao ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, na ya BirdLife, shirika la uhifadhi wa ndege, nazo hazikukubaliana hata idadi ya spishi. Juni 2025 ikatoka AviList, orodha ya pamoja yenye spishi 11,131. Maana yake ni kwamba hata kitabu kilichochapwa 2024 kilifuata orodha ya kabla ya mapatano hayo. Na AviList nayo imekusudiwa kusahihishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayengoja majina yatulie ndipo anunue atangoja sana.

Mpangilio wa kurasa umeguswa pia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa kozi wana undugu wa karibu zaidi na kasuku kuliko na mwewe na tai. Vitabu vingine vipya vimewahamisha kozi hadi jirani na kasuku. Kisayansi ni sahihi, lakini mtu aliyeona ndege mwenye mdomo wa ndoano akipita kasi hulazimika kufunua sehemu mbili za kitabu huku ndege akitokomea. Hapa nasimama na wakongwe: kwa kazi ya uwandani, kuwaweka pamoja wanaofanana kunasaidia zaidi kuliko kufuata ukoo.

Hata hivyo, wanaodhani mabadiliko ya uainishaji ni mchezo wa wataalamu tu wanakosea. Mwaka 2024 orodha ya Clements ilimgawa bundi mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye zamani wote waliitwa kwa jina moja la kisayansi, Tyto alba, kuwa spishi tatu. Kwa mtazamaji hilo halileti taabu kubwa, kwani kwa kawaida mahali alipo hutosha kumwambia ni yupi. Mwaka huohuo shakwe Larus argentatus aligawanywa kuwa spishi nne, na hapo mambo ni tofauti. Mashariki ya Asia, wawili kati yao hukutana pwani moja majira ya baridi, na mashakwe wachanga hubadilisha manyoya mwaka hadi mwaka kabla ya kukomaa. Kitabu kinachowachanganya kwenye aya moja hakiwezi kumsaidia mtu kuwatenganisha, hata michoro yake iwe mizuri namna gani. Kwa makundi ya namna hiyo, kitabu kipya hakina mshindani.

Ramani ndizo ningezitazama kwanza, ingawa wanunuzi wengi huzipita. Tetere aina ya Streptopelia decaocto alisambaa Ulaya nzima katika karne ya 20, akazaliana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Yangeyange wa Afrika alivuka Atlantiki hadi Amerika ya Kusini, kisha akapanda hadi Kaskazini. Ramani ya zamani hudanganya kimyakimya: inamwambia msomaji kwamba ndege aliye mbele yake hawezi kuwapo, naye anamtafutia jina jingine.

Halafu kuna michoro. Mchoraji huweka ndege wanaofanana katika mkao mmoja na mwanga mmoja, dume, jike na chipukizi, ili tofauti zijitokeze. Picha ya kamera huonyesha ndege mmoja, siku moja, jua likiwa limempiga upande mmoja. Kitabu kipya cha picha zilizookotezwa huku na huko huweza kushindwa na cha zamani kilichochorwa na mtu aliyewajua ndege wake. Sauti sitaibishania. Programu za simu kama Merlin zinazisikizisha vizuri kuliko maneno yoyote ya kitabuni, na majina yake husasishwa bila kununua upya.

Tatizo ni kwamba mwaka ulioandikwa mwanzoni mwa kitabu hautofautishi haya. Chapa mpya huweza kuwa maandishi yaleyale kwenye karatasi mpya, na toleo jipya huweza kuwa na majina yaliyorekebishwa juu ya michoro na ramani ambazo hazikuguswa. Dibaji hueleza orodha iliyofuatwa na kilichobadilishwa. Ikinyamaza, nina shaka. Njia nyingine ni kufungua ukurasa wa ndege unayemjua barabara, ambaye unafahamu ameingia au ametoweka wapi miaka ya karibuni, uone kama ramani inakubaliana nawe.

Kuna maeneo ambayo yana kitabu kimoja tu, tena cha miaka mingi. Hapo hakuna cha kuchagua. AviList hupatikana bure mtandaoni, na majina mapya yanaweza kuandikwa kwa penseli pembeni. Ramani haziwezi kurekebishwa hivyo, kwa hiyo ndege anayelingana na mchoro lakini akakanwa na ramani apigwe picha, alinganishwe na kumbukumbu za karibuni za eneo hilo kwenye eBird, kabla ya kupewa jina la mwingine.