Misimu ya Kiingereza: neno likishapokewa, wenyewe wanabaki na nini?

Desemba 2023 wachapishaji wa kamusi za Oxford walitangaza neno lao la mwaka: “rizz”, yaani mvuto alionao mtu wa kumteka amtakaye kimapenzi. Lilivumishwa na Kai Cenat, kijana wa New York anayerusha vipindi vyake moja kwa moja mtandaoni. Kila neno la namna hii, la misimu, yaani lugha ya mitaani, linapotangazwa, wapo wanaosikitika kwamba Kiingereza kinaharibiwa. Mimi naamini Kiingereza kitastahimili. Wasiwasi wangu uko kwa wale wanaoyatunga maneno hayo.

Malalamiko yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, aliandika gazetini kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kila awezalo kuyazuia maneno “mob” (kundi la watu wa fujo) na “banter” (utani). Mwaka 1712 akapendekeza kiundwe chombo cha kukisanifu Kiingereza na kukiwekea mipaka. Hakikuundwa, na leo maneno yote mawili hayamshtui mtu. Samuel Johnson, mwandishi wa Uingereza, naye alianza kuandaa kamusi yake akitumaini kuituliza lugha. Ilipotoka mwaka 1755 alikiri katika utangulizi kwamba hakuna kamusi iwezayo kuizuia isibadilike.

Hata hivyo, wanaopinga misimu wana hoja moja nzito. Mwaka 2013 shule moja ya kusini mwa London ilibandika orodha ya maneno yasiyoruhusiwa, yakiwemo “ain't” (si), “bare” (kibao) na “innit” (au sivyo?), ili wanafunzi wasije kukwama kwenye usaili wa kazi au wa chuo. Walimu wanaohofia hilo wanaijua dunia. Mtoto wa tajiri akisema “innit” ataonekana mchangamfu. Mtoto wa mhamiaji akisema hilohilo ataonekana hakusoma. Ninachokikataa ni marufuku. Inamfundisha mtoto kwamba usemi wa nyumbani kwao ni kosa, wakati angeweza kufundishwa aseme nini wapi, akabaki na vyote viwili.

Neno linalonionyesha upande wa pili wa jambo hili ni “woke”. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi lilimaanisha kuwa macho, kutosinzia mbele ya hatari. Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly alirekodi wimbo kuhusu vijana tisa Weusi wa kesi ya Scottsboro, waliosingiziwa mwaka 1931 huko Alabama kwamba wamewabaka wanawake wawili Wazungu. Baada ya kuimba, anawaonya Weusi wenzake wapitao maeneo hayo wajihadhari, wakae “woke”. Lilikuwa neno la kuokoa roho za watu. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley, naye Mweusi, alilitumia katika kichwa cha makala yake kwenye New York Times, akieleza jinsi maneno ya Weusi yanavyochukuliwa na Wazungu, na jinsi wenyewe wanavyolazimika kutafuta mengine.

Polisi walipomuua kijana Mweusi Michael Brown katika mji wa Ferguson, Marekani, mwaka 2014, neno hilo lilienea pamoja na maandamano. Mwaka 2017 kamusi kuu ya Oxford ikaiingiza maana yake ya kisiasa. Haikuchukua muda wahafidhina wakaligeuza kejeli, na mwaka 2022 gavana wa Florida, Ron DeSantis, akatia saini sheria iliyopewa jina la kuizuia “woke”, iliyolenga kubana namna masuala ya ubaguzi wa rangi yanavyofundishwa shuleni na kazini. Neno lililozaliwa kuwakinga Weusi likawa jina la sheria ya kubana mazungumzo ya mateso yao.

Kuna atakayejibu kwamba neno halina hati miliki, na kwamba lugha zote huazima. Ni kweli. Kiingereza kilichukua “safari” kutoka kwetu kikaifanya ziara ya kutazama wanyama, na mwaka 2022 kamusi hiyohiyo ya Oxford iliingiza “nyama choma” na “daladala”. Nilifurahi, na sikuona tumepungukiwa. Lakini sisi lugha yetu tunayo nzima: Mwingereza aseme “safari” apendavyo, mimi nitaendelea kusafiri kwenda msibani Tanga. Mmarekani Mweusi hana ukuta huo. Anayemchukulia neno anazungumza Kiingereza kilekile, ni wa kundi kubwa zaidi, ana runinga na bunge, na maana mpya inamrudia mpaka mezani kwake.

Siku hizi mambo yanakwenda kasi zaidi. TikTok hulibeba neno kwa siku chache, kisha linaitwa lugha ya kizazi kipya, na asili yake kwa Wamarekani Weusi haitajwi tena. Hata kabla ya TikTok, maneno kama “lit” (ya kusisimua) na “bae” (mpenzi) yalipotezewa asili yao vivyo hivyo.

Ndiyo maana naipa thamani kubwa kazi iliyotangazwa mwaka 2022: kamusi ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi, inayoandaliwa na Oxford pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard, mhariri mkuu akiwa Henry Louis Gates Jr., msomi wa historia na fasihi ya Wamarekani Weusi. Haitamfunga mdomo mwanasiasa. Lakini itaandika neno lilianzia kwa nani, na lilibeba maana gani kabla halijachukuliwa. Wanaotangaza neno la mwaka kila Desemba wangeweza kufanya hivyohivyo katika tangazo lenyewe, kwa sentensi moja tu.