Padri Clement wa Bujora na sanamu ya shaba, mi bado nabishana na mjomba

Juzi tulikuwa Bujora na mjomba, si mbali, unashika barabara ya Musoma mpaka Kisesa, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini, sasa tunatoka makumbusho ya Wasukuma ananiambia padri David Clement alitakiwa awekewe sanamu ya shaba pale getini, kubwa kabisa. Tumebishana mpaka Igoma.

Hoja yake nzito jamani. 1963 serikali ilifuta utemi, yaani utawala wa machifu, jiulize zile ngoma za watemi, vigoda, mataji, vingeenda wapi? Vingi vingeliwa na mchwa, vingine vingeuzwa kwa watalii. Huyu padri Mkanada, Fumbuka kama wanavyomuita huku, alivikusanya na 1968 makumbusho ikaanza. Na hakuishia kujaza makabati, kanisa lenyewe la Bujora limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, ngoma zinaingia mpaka kwenye misa, na kila Juni kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wanashindana kucheza mpaka vumbi linafunika uwanja. Wamisionari wangapi wa zamani waliwaambia watu wetu hivyo vitu ni vya shetani wavichome? Huyu alivipa nyumba.

Ila kinachonikwaza, shaba inabeba sura ya mtu mmoja tu. Dar Wajerumani walisimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao, Waingereza wakamng'oa, 1927 wakaweka Askari wa shaba, yaani kila mwenye nguvu na wa kwake. Mle ndani kuna ngoma ukiinama unaona alama za tezo ubavuni, fupifupi, zinapishana, unauona kabisa mkono wa fundi ulivyokuwa unaenda. Jina lake sikuliona. Na walioziachia hizo ngoma zitoke majumbani kwao je, nao hawakujenga makumbusho? Halafu kuyeyusha shaba na bati umimine mtu mzima ni hela nyingi, mi ningeiweka kwenye dawa ya mchwa na kumlipa mtu anayejua kuwamba ngoma afundishe vijana.

Mjomba akasema, "Mpwa wangu, watoto wa shule wasipoiona sura yake watamjuaje?" Hapo alinibana kweli, sikuwa na jibu la haraka.

Tunashuka Igoma nikamwambia basi, kama ni lazima, padri akae kwenye kigoda, asisimame juu ya nguzo, na aliyekichonga akae pembeni yake na tezo mkononi, kimo kimoja.