Haikuwa Kanga, Ulikuwa Msuli

Chande, fundi mwenzangu, kashaniwahi kwenye status kwamba nimekatia mtaa mzima intaneti nikakimbia barazani na kanga, kwa hiyo niseme mwenyewe kabla hajafika sehemu ya tatu. Kwanza kabisa: haikuwa kanga. Ulikuwa msuli. Mistari ya bluu, msuli halali.

Mnaonunua vocha zangu za wifi mnajua juzi usiku intaneti ilivyokuwa inajikokota. Mmoja wenu (hajijui, tumwache hivyohivyo) alikuwa anashusha tamthilia msimu mzima, tena siku ya mechi. Nikasema huyu nimpunguzie mwendo, megabiti 2 kwa sekunde zinamtosha. Nimekaa sebuleni, laptopu mapajani, nimeingia Winbox, programu ya kuendeshea ruta yangu ya MikroTik, kwa wifi ileile ya wateja. Mafundi wenzangu, msianze.

Nikafungua foleni mpya, yaani kanuni ya kupima kasi ya mtu. Pale pa kumtaja mlengwa inashuka orodha. Kidole kikateleza, ikakaa bridge. Bridge ndiyo nyinyi nyote. Sikuona. Kwenye kasi nikaandika 2. Ile M ya mega nikaisahau, na MikroTik haina habari ya "bosi, una hakika?" Ukiandika 2 tupu, inakupa biti 2 kwa sekunde. Nikaikokota foleni yangu hadi juu kabisa, itangulie zenu zote. Nikapiga funda la chai. Nikabonyeza OK.

Kimya.

Namba za Winbox zikaganda. Mara nje, barazani, "Aaaaah!" ya watu kama ishirini. Mimi nikacheka! Nikajua wamekosa bao la wazi. Nikarudia chai. Kikombe kiko mdomoni, nasikia mzee wa kahawa: "Fundiiii!" Ndipo macho yakarudi kwenye skrini, yakatua kwenye ile 2, imekaa peke yake kama mtoto aliyesahauliwa stendi.

Hebu pigeni hesabu. Pakiti moja iliyojaa, kipande kimoja cha data, ni baiti 1500, yaani biti 12,000. Kwa biti 2 kwa sekunde, hizo ni dakika 100. Pakiti moja tu ingefika refa keshaoga.

Nikajaribu kuifuta. Kumbe hata kufuta kunapita kwenye foleni ileile.

Dawa ilikuwa waya, na ruta iko juu ya kabati la Bi Mkubwa mwenye nyumba, na njia ni moja, inapita barazani. Laptopu kwapani, waya shingoni, pindo la msuli mkononi, mbio. Simu yao imeegemezwa kwenye birika, picha imeganda mchezaji mguu juu. Mzee akaniuliza, "Vipi mwanangu, hata kwako imekata?" Mdomo ukajibu wenyewe: "Mkongo wa baharini, mzee. Kama ule wa Mei 2024."

Baharini. Jamani.

Bi Mkubwa yuko kwenye sala, nikangoja mlangoni. Nikachomeka waya, nikaingia kwa MAC (namba ya ruta yenyewe, njia isiyopita kwenye foleni), nikafuta, ikarudi. Dada wa dukani keshauza vocha zote, watu walidhani zao zimeisha; hela nimerudisha. Kahawa na kashata za baraza zima nimelipa. Chande, niliyemfundisha MikroTik mimi mwenyewe, ndiye aliyewaeleza wazee kwamba bahari yenyewe ni ile 2 yangu. Sasa naitwa Biti Mbili.

Yule wa tamthilia? Alikuwa keshamaliza kushusha.

Na anayetaka kuniandikia habari za Safe Mode, ile inayorudisha mabadiliko yako ukijikata mwenyewe: kitufe kiko juu, kushoto. Nakijua. Nilikiangalia vizuri sana nikiwa pale mlangoni nangoja Bi Mkubwa atoe salamu.